Wee usitoboe huo mti kwanza!

Yakhe weka hiyo drili chini. Umeandika umekata tawi la mwembe jana, kesho unataka ulitoboe liwe mpini wa kile chuma chako cha kukwangua cheche za kuwashia moto, Ijumaa uende nacho dago, kambini kwa wavuvi, na unauliza gundi gani, tundu pana vipi, upake vanishi au mafuta. Hayo yote mbele huko. Mti mbichi huo! Mti mbichi hautiwi chuma, basi.

Mie nshafanya hivohivo. Wangu ulikuwa mkarafuu, tawi lililovunjika shambani wakati wa kuchuma, zuri, limenyooka, mtu ukiliona tu unataka kulichonga. Nikalichonga siku ileile, nikapiga msasa mpaka likateleza kama yai, nikatoboa katikati, nikatia chuma kwa gundi ya tyubu mbili ile ya kuchanganya, nikapaka vanishi mara tatu. Kila aliyekiona alikitaka. Wiki ya pili usiku nikasikia ta! nikadhani mjusi kaangusha kitu kabatini. Asubuhi natazama, ufa mwembamba kama unywele umeanzia kwenye moyo wa mti, umepita ubavuni mwa tundu umetokeza nje kwenye vanishi. Hapo ndo ningesita, lakini nikaujaza gundi nikasema hausogei tena.

Tukaenda dago, ami zangu wawili, mtoto wa miaka 12 na mie, na mie ndo niliyewaambia viberiti vya akiba viacheni, kimoja kinatosha, chuma changu kipo. Siku ya tatu mvua ya vuli ikatupiga mpaka ndani ya mifuko, kiberiti chepechepe. Haya, leta hicho chuma chako. Nikatia kilifu kikavu cha mnazi nilichokificha ndani ya kopo, nikakwangua, cheche zikatoka safi, kilifu kikaanza kufuka moshi, nikakwangua mara ya pili mpini ukafunguka mkononi vipande viwili, chuma kikarukia majini na giza lile. Tulilala na nguo za maji, hakuna chai, hakuna uji, samaki wabichi wapo wanatutazama. Mtoto meno yanagongana usiku kucha. Ami hakusema neno, na hilo ndo liliniuma kuliko angenitukana.

Na yule jamaa wa video niliyemfuata, laiti angekuwa jirani. "Mti mbichi laini kuchonga, ukishapaka vanishi unyevu haupiti." Unapita, ila polepole, na mwingine umeufungia ndani! Kuchonga mwiko kwa mti mbichi sawa, mwiko hauna kitu ndani, ukinywea unanywea wote. Ukishatia chuma katikati mambo mengine, maana mti ukikauka unanywea kwa upana wake, urefu haupungui cha maana, na chuma hakinywei hata chembe, kwa hiyo mti unakibana unakibana mpaka hauna pa kwenda isipokuwa kupasuka. Na ukiacha ule moyo wa tawi ndani ya mpini ndo umeualika ufa kabisa, nyufa huanzia hapo.

Kuna la pili hakulisema. Vile vipande nilirudi navyo nyumbani, ndani ya tundu mlikuwa na unga wa kijivu. Chuma kile si chuma cha msumari, ni seriamu iliyochanganywa na chuma na vyengine, alikibuni Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1903, ndo jamii moja na vijiwe vya viberiti vya gesi. Unyevu na chumvi vinakila. Mie nimekipandikiza kwenye mti wenye maji, tena huku kwetu Pemba hewa yenyewe chumvi, kikaliwa kutoka ndani wakati nje kinang'aa.

Sasa sikiliza, usihesabu siku, pima. Lile tawi lako lipasue katikati utoe moyo, ncha zote mbili zipake nta ya mshumaa maana ndo zinazokauka mbio, liweke kivulini penye upepo, juani hapana. Kila wiki lipime kwenye mizani ndogo ya dukani, ile ya kupimia hiliki. Kipande changu cha pili kilianza gramu 80, kikaenda 71, kikaenda 63, kikafika 55 kikakaa hapohapo wiki tatu mfululizo. Hapo ndo nilipogusa drili, na si kabla, na mpini ule mpaka leo hauna hata mstari.

Ijumaa haitakungoja najua. Tafuta mti uliokwisha kukauka zamani: mpini wa jembe uliovunjika, mchi mkongwe, kipande cha mlango wa mfenesi. Fundi seremala yeyote anavyo vipande vimelala miaka chini ya meza yake, mwombe. Chuma kiingie kwa mkono bila kugongwa, kikigongwa kinakatika kama chaki, na kiingie sentimita mbili na nusu hivi.

Na viberiti bebeni, vitieni kwenye chupa mfunge kizibo. Lile tawi la mwembe lipime leo leo, andika uzito na tarehe kwa penseli kwenye gome, kisha tuandikie hapa ni gramu ngapi.