Maiki ya kubana shatini kwa video za simu

Ndugu, umeuliza ununue maiki gani kwa bei nafuu maana video zako za Kampala zinamezwa na kelele za boda boda. Chukua ya waya ya kubana shatini, uiweke sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Maiki inayokaa juu ya simu yenyewe inabaki mbali na mdomo, na umbali ndio unaoharibu sauti. Maiki ya waya aina ya Boya BY-M1 inatosha kabisa: waya wake ni mita 6, na swichi yake huchagua simu au kamera. Kwenye kamera inatumia betri ya LR44, kwa hiyo ukimaliza irudishe upande wa simu, la sivyo betri itaisha.

Kabla ya kulipa angalia pini. Ya simu ina mistari mitatu, ya kamera miwili. Ukikosea, simu itaendelea kurekodi kwa maiki yake yenyewe. Kama simu haina tundu la hedifoni, tafuta adapta ya Type-C yenye chipu ya sauti ndani. Jaribu hapo hapo dukani: rekodi huku ukikwaruza maiki taratibu kwa ukucha. Mkwaruzo usiposikika kwa nguvu, haijashika.

Mvua ikipiga mabati, subiri ikatike.