Usiwaache wateja wa mtaani kwa ajili ya kiwanda

Juzi msomaji wa Kibamba, Dar es Salaam, mwenye ng'ombe watatu wa kisasa, aliniandikia: "Dada, kiwanda kinataka maziwa yangu yote. Niachane na majirani?" Ujumbe ule ulininyima usingizi. Swali hilohilo niliwahi kulijibu vibaya.

Nilikuwa nakusanya maziwa Goba na Mbezi, nayauza kwa mama ntilie na majumbani. Kiwanda kimoja kiliponiita, niliwatupa wote, hata yule mzee wa lita moja kila asubuhi. Nilijiona nimefika. Kisha asubuhi moja nafika getini na madumu sita, mlinzi ananiambia hawapokei wiki hii. Wameingiza maziwa ya unga. Hadi saa nane mchana nilikuwa nazunguka na bajaji kutafuta mnunuzi. Nilipofungua dumu la kwanza, juu mabonge, chini maji ya kijanikijani. Niliyamwaga mtaroni huku watoto wakinitazama. Bado inaniuma.

Ndugu zangu, jueni mnashindana na nani. Mfugaji wa Ulaya analipwa ruzuku na serikali. Siagi na maziwa ya unga vilifurika maghalani kwao hadi mwaka 1984 wakawekeana ukomo wa uzalishaji, na ukomo huo ukaondolewa 2015. Maziwa yanayozidi hukaushwa, kwani unga hukaa miezi mingi na kupanda meli. Ushuru wa asilimia 60 wa Afrika Mashariki unatukinga kiasi, lakini mwenye kiwanda hupiga hesabu zake: unga wa nje au maziwa yako, kipi nafuu.

Na maziwa ya kunywa kwa kawaida yana thamani zaidi. Uingereza, bodi iliyonunua maziwa ya wafugaji kuanzia 1933 hadi 1994 iliyauza ya kunywa kwa bei ya juu kuliko ya siagi na jibini. Sasa wewe wa Kibamba, kwa nini uyatoe yote kwa bei ya malighafi?

Kiwandani peleka ya jioni tu. Ya asubuhi ni ya mtaa. Nunua laktomita, kile kipimo cha kujua kama maziwa yametiwa maji, acha madumu ya plastiki. Yakibaki chemsha, yapoe yawe vuguvugu, tia vijiko viwili vya mtindi wa jana, funika. Mtindi wangu huisha kabla ya saa nne. Na narudia: usiwaache majirani.

Yule mzee nilimfuata mwenyewe kuomba radhi. Alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na birika lake.