Maua Yameanza Kutoka, Sasa Nifanye Nini?

Barua tatu za safari hii zote zinahusu kipindi kimoja, pale mmea unapoacha kurefuka tu na kuanza kutoa maua. Ya nyanya nimeijibu kwa kirefu, maana ndiyo inayonigusa zaidi.

*Shikamoo Bibi. Nimepanda nyanya sita kwenye ndoo za lita 20, aina ile inayopanda juu ya mti. Zilikuwa nzuri hadi maua yalipoanza. Nilipoona maua nikaongeza mbolea ya kukuzia na samadi ya kuku ili zipate nguvu ya kuzaa. Sasa majani yamestawi sana lakini maua yanakauka na kudondoka, mengine yanaanguka nikiyagusa tu. Je, ni ugonjwa? Nipulize dawa gani?*
— Mjukuu wako wa nyanya za ndoo

Marahaba, mjukuu wangu. Usipulize dawa yoyote. Weka hilo bomba chini kwanza tuzungumze.

Ulichokifanya nilikifanya mimi mwenyewe msimu wangu wa kwanza. Niliona maua ya manjano, moyo ukajaa furaha, nikachota samadi ya kuku nikamwaga kila shina, kwa fikra kwamba anayetaka kuzaa lazima alishwe. Wiki mbili baadaye majani yalikuwa kijani kizito, mapana, yamejikunja kwa kushiba, na chini ya kila shina kulikuwa na zulia la maua. Mashada matatu ya kwanza yote yalikwenda hivyo. Hadi leo nikiona ua la nyanya limelala juu ya udongo linaniuma.

Samadi ya kuku na mbolea ya kukuzia zina naitrojeni nyingi. Naitrojeni ndiyo inayojenga majani na mashina. Ikizidi wakati wa maua, mmea unaambiwa uendelee kukua, nao unatii: chakula kinakwenda kwenye majani machanga na maua yanaachwa. Tazama kikonyo cha ua, utaona kifundo kidogo katikati, kama goti. Mmea ukishaamua kuliacha ua, hapo ndipo unapolikatia. Ndiyo maana yanaanguka ukiyagusa tu: yalikuwa yameshaachwa kabla mkono wako haujafika.

Kwa hiyo acha mbolea kwa sasa. Kama samadi ingali juu ya udongo, ikwangue uitoe. Mwagilia maji mengi mara moja, yapite hadi yatoke kwenye matundu ya chini ya ndoo, ili yachukue sehemu ya kilichozidi. (Kama ndoo haina matundu, toboa leo hii, kwa sababu mizizi iliyozama majini haiwezi kulisha ua.) Halafu subiri. Shada jipya linalotoka juu ndilo litakalokujibu. Likishafunga vitunda vya ukubwa wa njegere, hapo rudisha mbolea kidogo kidogo, safari hii ile yenye potasiamu nyingi kuliko naitrojeni. Wengi hutumia majivu. Si mabaya, lakini kiganja kimoja kwa ndoo kinatosha kwa msimu mzima, maana majivu yakizidi yanaharibu udongo kwa namna nyingine.

Kabla hujailaumu mbolea peke yake, angalia joto. Mchana ukipita nyuzi 32 siku nyingi mfululizo, au usiku ukabaki juu ya nyuzi 24, chavua, yaani ule unga wa kiume wa ua, inaharibika na ua linadondoka hata kama umefanya kila kitu sawasawa. Usiku wa baridi, chini ya nyuzi 13, nao huleta hasara hiyo hiyo. Ndoo zinapata moto kuliko ardhi, hasa nyeusi. Zisogeze zipate kivuli kuanzia saa nane mchana, na ufunike udongo kwa nyasi kavu.

Sasa uchavushaji, jambo ambalo wengi hawalijui. Ua la nyanya lina dume na jike ndani yake lenyewe, halihitaji ua jingine. Lakini chavua imefungiwa ndani ya kimrija cha manjano katikati ya ua, na haitoki mpaka ua litikiswe. Yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao anaijua kazi hiyo: analishika ua, anatetemesha mwili, chavua inamwagika. Nyuki wa asali hawezi mtetemo huo. Kama ndoo zako ziko barazani au penye ukuta usiopitisha upepo, basi kazi ni yako. Kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, chavua ikiwa imekauka, gonga kwa kidole kijiti kinachoshikilia mmea, mara mbili tatu, kila siku. Ukiona petali zimenyauka na kurudi nyuma huku vijani vidogo vya chini ya ua vikibaki kijani na kikonyo kikinenepa, furahi, limeshika. Ndiyo sababu nyingine nilikukataza dawa. Dawa ya wadudu juu ya ua lililofunguka inamuua yule yule aliyekuja kukusaidia.

Maji nayo. Usimwagilie kwa kalenda. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili: udongo ukiwa mkavu huko chini, mwagilia hadi ndani, ukiwa na unyevu, uache. Kinachoumiza ni kukausha siku tatu halafu kufurikisha ya nne. Kalsiamu inasafiri ndani ya mmea pamoja na maji, na maji yakikatikakatika tunda changa linaikosa. Utakuja kuliona tatizo wiki kadhaa baadaye, kitako cha nyanya kikiwa cheusi na kimebonyea, na watu watakuambia ni ugonjwa. Chanzo chake kilianza tunda lilipokuwa dogo, mara tu baada ya ua kuanguka petali.

Mwisho, vichipukizi vya kwenye makwapa ya majani. Kwa aina yako inayopanda, vivunje kwa vidole vikiwa vifupi kama kidole cha mtoto, asubuhi, ili kidonda kikauke kabla ya jioni. Majani yanayogusa udongo yaondoe pia. Lakini usiuvue mmea ukabaki uchi, majani ndiyo yanayolipatia tunda sukari. Na mwenye aina fupi ya kichaka asifuate ushauri huu, maana kwake maua mengi yako kwenye hivyo vichipukizi.

Tangu ua lishike hadi nyanya iive ni kama siku 45 hadi 60. Niandikie shada la nne likifika, nataka kujua.

*Dada, salaam. Nina ua la Krismasi, poinsetia, kwenye chungu uani. Mwaka wa pili sasa halijawa jekundu, ingawa lina afya nzuri. Lipo chini ya taa ya nje tunayoiwasha usiku kucha kwa usalama.*
— Mama mpenda maua

Wa alaikum salaam, dada yangu. Umejijibu katika sentensi ya mwisho.

Kuna mimea inayohesabu urefu wa usiku. Mwaka 1920 Wamarekani wawili, Garner na Allard, walichapisha utafiti wao kuhusu tumbaku moja iliyoitwa Maryland Mammoth, ambayo kiangazi cha kwao, usiku ukiwa mfupi, ilirefuka bila kuchanua. Walipoiingiza gizani kabla ya jua kuzama, ikatoa maua. Krisanthemamu, soya na hata bangi wamo katika kundi hilo linalosubiri usiku mrefu. Nyanya hazimo, zenyewe huchanua zikishakomaa.

Poinsetia lako linataka giza la saa 14 hivi bila kukatizwa, na taa hiyo inalikatiza kila usiku. Huo wekundu si ua hata kidogo, ni majani yanayobadilika rangi. Maua yenyewe ni vile vijidude vya manjano katikati. Lifunike kwa boksi lisilopitisha mwanga tangu saa kumi na moja jioni hadi saa mbili asubuhi, kisha mchana lipe mwanga mwingi. Fanya hivyo kila siku kwa wiki nane hadi kumi. Usiku mmoja wa kusahau hauliui, lakini kusahau mara kwa mara kunalirudisha nyuma. Kama boksi linakuchosha, lihamishie upande wa nyumba usio na taa, huenda likatosha.

*Maboga yangu yana maua makubwa kila asubuhi, jioni yamekufa, na hakuna boga hata moja. Nimekata tamaa.*
— Mkulima mpya

Pole, na usikate tamaa. Hayo ni madume. Boga hutoa maua ya kiume kwanza, wakati mwingine wiki nzima au zaidi, ndipo majike yafuate. Dume linasimama juu ya kikonyo chembamba kirefu. Jike lina kiboga kidogo cha mviringo chini ya petali, utalitambua mara moja.

Jike hufunguka asubuhi moja tu. Amka mapema, chuma dume lililofunguka siku hiyo, ng'oa petali zake, na upake ule unga wake katikati ya jike kabla ya saa nne. Dume moja linatosha majike mawili. Kiboga kikigeuka manjano na kulainika baada ya siku chache, hakikupata chavua, nawe subiri jike linalofuata, maana mmea ule ule utatoa mengine.