Tuliomba Skrini Igawanywe, Tukajibiwa na Mashine

Vijana walichanga kwa wiki saba. Shilingi kumi kumi, ishirini ishirini, zikitumbukizwa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya televisheni, mpaka zikatimia za kununua gemu mpya ya mashindano ya magari. Diski ilikuja na boti ya alasiri kutoka Mokowe, gati ya bara. Chumba changu cha gemu hapa Langoni, mjini Lamu, kina mikeka miwili, televisheni mbili na padi nne za kuchezea, na jioni ile vijana walijaa hata mlangoni hapakuwa na pa kupita. Tukaitia. Tukangoja apdeti ishuke, ikanimalizia bando lote. Kisha mmoja akashika padi ya kwanza, mwenzake ya pili, na ile ya pili haikufanya kitu.

Tulizunguka menyu mara tatu. Toleo lililotangulia lilikuwa linagawa skrini, huyu juu, huyu chini. Hili jipya lilitaka kila mchezaji awe na mashine yake ya gemu, akaunti yake na intaneti yake.

"Ami, sasa tutachezaje?" akaniuliza mdogo wao. Sikuwa na jibu. Usiku ule niliwaandikia kampuni ujumbe mrefu kwa hasira zangu zote, nikawaita wezi. Asubuhi nikajibiwa na mashine: tunashukuru kwa maoni yako. Kwa miezi mitatu niliandika mara nne zaidi, na kila mara likarudi jibu lile lile, nukta kwa nukta.

Najua wengi wenu mko hapo nilipokuwa. Kuna kitu mmekiomba mwaka hata mwaka kwenye gemu mnayoipenda, na kila toleo likija mnakuta nguo mpya za wachezaji na rangi mpya za magari, mlichokiomba hakipo. Inauma, na msikubali kuambiwa "ni gemu tu". Mtu haombi miaka mitano kitu asichokijali. Mimi nina miaka tisa kwenye kazi hii, na nataka kuwapa yale niliyoyapata baada ya kuacha kuandika kwa hasira.

La kwanza nililofanya ni kutafuta kujua ninachokiomba kina uzito gani kwa mtengenezaji. Nilidhani kugawa skrini ni swichi ambayo mtu wa ofisini kakataa kuibonyeza. Kumbe gemu inayokwenda kwa picha 60 kila sekunde ina milisekunde 16 na kitu tu za kuchora picha moja: barabara, vumbi, kivuli, magari yote. Ukigawa skrini, mashine inatakiwa kuichora dunia hiyo mara mbili, kutoka macho mawili tofauti, ndani ya muda ule ule. Gemu iliyojengwa ili itumie kila tone la nguvu ya mashine haina tena pa kutolea.

Sisi watu wa Lamu tunalielewa hili kwa urahisi. Nenda Matondoni, kijiji cha mafundi wa mashua, umkute fundi ameshalaza mkuku, ule uti wa chini wa chombo, na kusimamisha mataruma, mbavu zake, umwambie sasa aongeze chombo upana wa pima moja. Atakutazama tu. Si kwamba hakupendi. Upana ulitakiwa uombwe kabla ya mkuku. Ndiyo maana maombi mengi ya mashabiki hayajibiwi kwenye gemu iliyokwisha kutoka, na ndiyo maana wakati mzuri wa kuomba ni pale wanapotangaza kwamba wanaanza kazi ya toleo lijalo, au gemu inapokuwa kwenye majaribio ya wazi.

Lakini uzito wa kazi hauwapi ruhusa ya kuahidi ovyo. Mashabiki wa Halo, gemu ya kupigana kwa risasi, walizoea kucheza wawili kwa televisheni moja tangu ile ya kwanza ya 2001. Halo 5 ya 2015 ikaja bila skrini ya kugawana, makelele yakawa makubwa, na mwaka 2017 mkuu wa studio iliyoitengeneza, Bonnie Ross, akaahidi hadharani kwamba Halo zijazo za aina ile zitakuwa nayo. Halo Infinite ilipotoka Desemba 2021, upande wa mashindano ulikuwa nayo, ila upande wa hadithi watu waliambiwa wasubiri. Wakasubiri. Septemba 2022 ikatangazwa kwamba kucheza hadithi wawili kwa skrini moja kumefutwa, nguvu za wafanyakazi zimepelekwa kwenye mambo mengine. Nilipowasimulia vijana wangu kisa hiki, mmoja alisema, "Basi afadhali wangetuambia hapana tangu mwanzo." Nakubaliana naye kabisa.

Tangu hapo kopo letu lina sheria. Hatununui ahadi. Hatulipii gemu kabla haijatoka, na ikishatoka tunangoja tuone mtu akiicheza kwa padi mbili, kwenye video, mwanzo mpaka mwisho wa mchezo. Kama kwenye maelezo imeandikwa kwamba kitu fulani "kinakuja baadaye", tunahesabu kwamba hakipo.

Na msidhani kampuni kubwa ndizo pekee zenye uwezo wa kusikia. Stardew Valley, gemu ya kulima na kufuga, ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, ikatoka Februari 2016 ikiwa ya mchezaji mmoja. Kucheza na wenzako kwa mtandao kulikuja 2018. Kugawa skrini kukaja Desemba 2020, karibu miaka mitano tangu itoke, na ilikuwa apdeti ya bure. Hapa kwangu wasichana wawili ndugu huja nayo kila Jumamosi asubuhi, wanalima shamba moja, huyu anamwagilia na huyu anavua samaki. Tena kuna It Takes Two ya studio ya Hazelight kutoka Uswidi, ambayo huwezi kuicheza peke yako hata ukitaka. Mwaka 2021 ilishinda tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Kwa hivyo anayekwambia kwamba wachezaji wa kukaa pamoja kwenye mkeka mmoja hawana soko, mtajie hizo mbili.

Sasa kuhusu kuandika. Barua yangu ya sita ilikuwa tofauti na zile tano. Sikutumia neno "nyinyi kila siku". Nilirekodi video fupi ya simu: watoto wawili, padi mbili, moja imekufa. Chini yake nikaandika mistari michache: kwamba sisi ni chumba cha gemu kisiwani, vijana wapata thelathini kwa mashine mbili, intaneti yetu ni ya bando, na kwamba haja yetu ni watu wawili waweze kushindana kwenye televisheni moja bila mtandao. Nikasema hata kama haiwezekani kugawa skrini, tungefurahi na zamu: wa kwanza akimbize saa, wa pili aje kuivunja rekodi yake, majina yote mawili yabaki ubaoni.

Hapo ndipo nilipojifunza kusema haja badala ya kusema dawa. Mteja mwenye busara humwambia fundi wa mashua, "Nataka kubeba boriti nyingi na nipite kwenye maji madogo," akamwachia fundi aijue njia. Mtengenezaji akiijua haja yako, anaweza kuipata njia ambayo wewe hukuiwaza.

Baada ya siku kumi na moja nilijibiwa na mtu. Alitaja video yetu, alitaja kisiwa. Alisema kugawa skrini hakutakuja kwenye toleo lile, akaeleza kwamba kumbukumbu ya mashine haitoshi, na kwamba wazo la zamu amelipeleka kwa wanaopanga lijalo. Hatukupewa tulichoomba, nasema wazi. Lakini nilikaa na vijana barazani nikawasomea, nikawafasiria, na nikaona nyuso zao zikibadilika. Hapana iliyotoka kwa mtu, na sababu yake, waliibeba vizuri kuliko ukimya wa miezi mitatu. Wakaacha kungoja, wakaanza kuchangia gemu nyengine.

Na jambo hili naliomba kwa dhati: msiwatukane wanaosoma barua. Yule anayefungua ujumbe wako si aliyeamua. Ni mwajiriwa, mara nyingi kijana, anayesoma matusi ya watu kutwa. Barua zangu za mwanzo zingeweza kufika mahali kama nisingezifunga mlango mwenyewe kwa neno "wezi".

Kuna mambo, hata hivyo, ambayo barua ya heshima haiyafikii, kwa sababu ni ya biashara. Kwa miaka mashabiki waliomba mwenye PlayStation aweze kucheza na mwenzake wa mashine nyengine, wakanyimwa. Septemba 2018 Sony, wenye PlayStation, ilifungua mlango kwa gemu ya Fortnite, baada ya makelele kuwa ya dunia nzima, na wakati ule mashine nyengine zilikuwa zimeshaungana. Na gemu ya The Crew ya 2014, isiyochezeka bila intaneti, ilipozimwa seva zake, yaani kompyuta za kampuni zilizoiendesha, mwisho wa Machi 2024, walioinunua wakabaki na kitu kisichofunguka. Kampeni ya Stop Killing Games, ya kudai gemu zilizouzwa zisizimwe hivyo, ikaanza, na kufikia Julai 2025 ilikuwa na sahihi zaidi ya milioni moja kwenye ombi lililoelekezwa kwa Umoja wa Ulaya. Sisi wa huku hatukuweza kutia sahihi. Tulichokichukua ni swali, na sasa hakuna diski inayoingia chumbani kabla halijajibiwa: hii, intaneti ikikatika, inafunguka?

Nimeacha mwisho lile linaloniuma zaidi, kwa sababu kosa lilikuwa letu. Kuna kijana wetu ndoana ilimwingia kidole cha shahada cha mkono wa kulia akivua upande wa Manda. Kilipona, lakini hakikunji tena. Kwenye gemu za magari, R2, kitufe cha nyuma ya padi upande wa kulia, ndiyo mafuta. Unaibana tangu taa ya kijani mpaka mstari wa mwisho, kwa kidole hicho hicho. Gemu tuliyokuwa nayo haikuruhusu kubadilisha vitufe. Tuliomba, tukaomba tena, na kwa mwaka na zaidi kijana wa watu alikuwa anakaa nyuma akiwashangilia wenzake.

Siku moja nilikuwa natafuta kitu chengine kwenye mipangilio ya PlayStation 4, nikaingia sehemu ya kuwarahisishia watu wenye ulemavu, nikakuta mashine yenyewe inakuruhusu kuhamisha vitufe. Ilikuwepo tangu apdeti ya Machi 2015. Kabla hata sijamjua kijana yule. Nilikaa chini. Mwaka mzima tulikuwa tunagonga mlango wa watu walio mbali, na wetu uko wazi.

Kwa hivyo kabla hujaandika barua yoyote, pitia mipangilio ya gemu, kisha ya mashine, mpaka ya televisheni. Waulize waliokutangulia. Tenga jioni nzima kwa kazi hiyo.

Jioni ile tuliihamishia R2 mkono wa kushoto. Aliishika padi kama mtu anayeshika yai, akajaribu kidole cha kushoto mara mbili tatu, gari likaguruma. Mzunguko wa kwanza aligonga ukuta kila kona. Wa tatu hakugonga. Wenzake hawakusema neno, walikuwa wamesogea tu mpaka ukingoni mwa mkeka.

Barua yetu ya mwezi huu tunaituma Ijumaa baada ya Alasiri, kwa kampuni ile ile, kwa sababu wametangaza kwamba toleo lijalo wameanza kulijenga. Ombi ni moja, padi mbili kwa skrini moja. Video tumeirekodi jana. Aliyeshika padi ya pili ni yeye, na ameomba mkono wake wa kushoto uonekane vizuri.