Meya Aliondoka, Mita Zikabaki

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa ndugu zetu wa Chicago, jiji ambalo uchaguzi wake wa meya unaofuata ni Februari 2027.

Kaka, mashine ya maegesho mtaani kwetu inanikamua kila siku. Naambiwa hizo hela haziendi jijini. Kweli? (Msomaji, Rogers Park)

Kweli, dada. Desemba 2008 Meya Richard M. Daley alipeleka mkataba barazani: mita za maegesho kama 36,000 zikodishwe kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 75, nao watoe dola bilioni 1.15 papo hapo. Madiwani walikuwa na siku chache tu za kuusoma, wakaupitisha kwa kura 40 dhidi ya 5. Mitaani, saa moja ya kupaki iliyokuwa senti 25 ikawa dola 1 mwaka 2009, na kufikia 2013 ikawa dola 2. Mwaka huohuo wa 2009 mkaguzi wa jiji alitoa ripoti kwamba jiji lilipunjwa karibu dola bilioni 1. Na zile zilizopokelewa? Nyingi zilimalizwa ndani ya miaka michache kuziba matundu ya bajeti.

Wawekezaji wamesharudisha mtaji wao, na wamebakiwa na zaidi ya nusu karne ya kuvuna. Mimi kinachonichoma ni kifungu kimoja: jiji likiondoa nafasi za kupaki kupita kiwango kilichokubaliwa, hata kama ni kwa kukarabati barabara, linawalipa fidia. Daley hakugombea tena mwaka 2011. Mtoto aliyezaliwa mkataba ukisainiwa atakuwa mzee wa miaka 75 siku utakapokwisha.

Meya akituudhi, tunaweza kumtoa kabla ya muda wake?

Hamwezi. Hakuna sheria ya kumrudisha nyumbani katikati ya muhula; mnasubiri miaka minne. Ila watu wa Chicago hawasahau. Januari 1979 theluji ililifunika jiji, mitaa ikakaa bila kusafishwa, na treni zikaanza kupita bila kusimama kwenye vituo vya mitaa ya Weusi. Mwezi uliofuata Meya Michael Bilandic alishindwa na Jane Byrne katika kura za mchujo. Lori Lightfoot naye alizoa kata zote 50 alipochaguliwa meya mwaka 2019. 2023 akashika nafasi ya tatu.

Msiwasahau madiwani pia. Novemba 2024 Meya Brandon Johnson alitaka kuongeza kodi ya majengo kwa dola milioni 300, ilhali kwenye kampeni aliahidi kutoigusa. Madiwani wote 50 walimkatalia.

Sina uraia. Basi nikae nitazame tu?

Kura ya meya huna, mama. Lakini shule nyingi za umma za jiji kila moja ina baraza lake, na mzazi au mkazi wa eneo la shule hupiga kura hata kama si raia. Baraza hilo huidhinisha bajeti na huchagua mwalimu mkuu. Usilidharau, maana hapo una kura, ambayo wazazi hawakuwa nayo kwenye bodi: mwaka 2013 bodi ya elimu ya jiji, ambayo wajumbe wake wote waliteuliwa na Meya Rahm Emanuel, ilipiga kura kufunga shule zipatazo 50. Wazazi walilia mikutanoni, na shule zikafungwa.

Sisi wa Dar meya anachaguliwa na madiwani, si wananchi. Nyie mna bahati! (Msomaji, Temeke)

Bahati tunayo, matumizi ndiyo kazi. Duru ya pili ya uchaguzi wa meya, Aprili 2023, haikufikisha hata asilimia 40 ya waliojiandikisha.

Ni kweli Jumapili tunapaki bure?

Nje ya katikati ya mji, sehemu nyingi ni bure tangu Emanuel aliporudi mezani na wawekezaji mwaka 2013. Bei yake ikawa saa za kulipia kurefushwa hadi usiku siku nyingine. Soma kibao kwanza, ndipo uzime gari.