Fikasi sebuleni, paka ndani ya nyumba

Nilikuwa napogoa fikasi yangu ya sebuleni, ile ya majani madogo yanayoning'inia ambayo wauza maua wa Dar es Salaam wanayo kila kona. Matawi nikayaacha sakafuni, nikaenda kuchukua ufagio. Niliporudi nikamkuta Chausiku, paka wangu mweusi, amejilaza juu yake anachezea majani. Sikuwaza lolote. Haukupita muda udenda ukawa unamtiririka hadi kifuani, anajifuta mdomo kwa mguu wa mbele, kisha akatapika mara mbili kwenye mkeka.

Nikaongeza kosa. Si unajua kwetu tukihofia sumu tunakimbilia maziwa? Nikamjazia kisahani, akanywa yote, usiku akaharisha. Kesho yake daktari wa mifugo akanieleza kuwa paka wengi wakubwa tumbo lao haliwezi maziwa ya ng'ombe.

Kilichomdhuru ni utomvu. Kata kijitawi cha fikasi yoyote, hata ule mpira wa majani mapana, na tone jeupe litachuruzika papo hapo. Ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho fisini, kinachovunjavunja protini, ndiyo maana unawasha mdomo, tumbo na ngozi. Paka ukimganda kwenye nyayo ataulamba wote, kwa kuwa hujisafisha kwa ulimi. Kwa hiyo siku ya kupogoa ndiyo ya kuogopa zaidi. Mbwa yeye hutafuna tu, hasa mbwa mchanga anayeota meno.

Kwa kawaida fikasi haiui, na mti wangu sijautupa. Ila siku hizi kabla ya kupogoa namfungia Chausiku chumbani, nakatia juu ya magazeti, nafuta kila kidonda cha mti kwa kitambaa kilicholoa mpaka utomvu ukome, kisha napiga deki. Majani yaliyodondoka nayaokota kila asubuhi, maana fikasi hii ukiisogeza kidogo tu inapukutika.

Paka au mbwa akishautafuna, mfute mdomo kwa kitambaa chenye maji, muoshe miguu kwa sabuni isiyo kali, mwekee maji safi ya kunywa. Usimtapishe. Akitapika mfululizo, akikataa chakula siku nzima au uso ukimvimba, mpeleke kwa daktari wa mifugo, na ubebe jani la mti wenyewe.

Maua ya lili ni habari nyingine kabisa. Kama unafuga paka usiyaingize ndani, hata yakiwa kwenye shada la harusi. Hayo huharibu figo na kuua, na chavua kidogo aliyoilamba kwenye manyoya yake inatosha.

Ukitaka ua la dirishani lisilokukosesha usingizi, tafuta lile dogo la zambarau lenye majani ya vinyweleo, liitwalo African violet, ambalo asili yake ni milima yetu ya Usambara. Halina sumu kwa paka wala mbwa. La kwangu Chausiku ameshaling'ata mara mbili, na jioni akala dagaa zake kama kawaida.