Jibu: Kiingereza cha tasnifu kinanikwamisha

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kuandika tasnifu yako ya viazi kwa Kiswahili. Kwa fani yako, sahau. Sera ya Elimu ya Tanzania ya 2014 ilisema Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote, lakini vyuoni, ukiacha idara za Kiswahili, Kiingereza ndicho bado kinatawala. (Sera zetu kwa kuahidi hazijambo.)

Ila sarufi atakunyooshea mhariri. Wewe hangaika na dodoso, yaani orodha yako ya maswali kwa wakulima. Mkulima wa Uyole, Mbeya, atakujibu kwa Kiswahili, na Kisafwa, lugha ya huko, kidogo ndani yake. Andika maneno yake jinsi alivyoyasema, tafsiri iwe chini. Kabla hujaingia shambani, mpe mwenzako dodoso la Kiswahili alirudishe kwenye Kiingereza bila kuona la awali. Maswali yaliyopinda yatajionyesha yenyewe.